Nehemiah na Sura Iliyoliwa na Mchwa

Nehemiah wa Mbololo alikuwa mtu wa funguo. Zilining'inia kiunoni mwake, na akitembea ulimsikia kabla ya kumwona. Kulikuwa na ufunguo wa ghala la mahindi na ufunguo wa zizi la mbuzi. Lakini alioringia zaidi ni ule wa sanduku la Biblia ya kanisa.

Hakuna mwingine aliyeruhusiwa kuigusa Biblia hiyo. Mikono ya watu ina mafuta, alisema Nehemiah, na watoto wana makamasi. Basi Jumapili za kawaida kanisa lilitumia kitabu kidogo cha sala. Biblia ilitoka siku ya Krismasi, Pasaka, na siku kasisi anapokuja kutoka Voi. Siku nyingine zote ilikaa chini ya kitanda cha Nehemiah, imeviringishwa kwenye kanga, imetulia. Kumbe haikutulia.

Wiki moja ya mwaka 1953 kasisi alituma habari. Jumapili angekuja kumpokea tena kanisani Dominic, mdogo wake Nehemiah. Huyu Dominic alikuwa amemuuza fahali wa marehemu baba yao, akaenda Mombasa kula maisha. Sasa alikuwa amerudi na kofia tu. Nehemiah hakuwa amemsalimu. Na kasisi, bila huruma, alitaka Nehemiah mwenyewe asome mbele ya watu hadithi ya mwana mpotevu, katika Injili ya Luka.

Nehemiah alivuta sanduku, akafungua kufuli, akafunua kanga. Udongo ukamwagika. Mchwa walikuwa wameingia kwa chini, na pale penye Luka palikuwa na tundu la kupitisha ngumi.

Mkewe, Zipporah, alishika kichwa. Nehemiah naye aliguna kidogo, kisha akaanza kutabasamu.

"Mama Mbeyu, hii ni ishara," alisema. "Mchwa wangeweza kula popote. Wamekula hapo hapo penye kumsamehe Dominic. Mungu mwenyewe hataki."

"Wamekula na mguu wa kitanda chako," alisema Zipporah. "Hiyo nayo ni ishara gani? Hataki ulale?"

Akatoka kwenda kumwita Tryphena, jirani yao aliyefundisha watu wazima kusoma. Tryphena alikuja na Biblia yake mwenyewe, mpya kabisa.

"Jumamosi naenda nayo Mwatate, darasa langu la huko linaitumia," alisema. "Lakini mpaka hapo mnaweza kuinakili sura hiyo kwa mkono."

Nehemiah alishtuka. "Biblia kwa mkono? Mwalimu, hiyo si dhambi? Biblia inatoka kiwandani, Uingereza."

Tryphena alicheka mpaka akatafuta kiti.

"Mzee, mitambo ya kuchapa vitabu huko Ulaya ina miaka mia tano tu. Kabla ya hapo kila neno lilinakiliwa kwa mkono. Tena Biblia ni vitabu vingi vilivyowekwa pamoja. Watu wengi waliviandika, kwa mamia ya miaka. Vile vya kwanza, karibu vyote ni vya Kiebrania. Vya Agano Jipya ni vya Kiyunani. Waliandika juu ya ngozi, au juu ya karatasi za mafunjo, yale matete ya mtoni. Nakala ikichakaa, mtu aliketi akaandika nyingine."

"Kwani haikuanza kwa Kiswahili?"

"Kiswahili ni cha juzi. Watafsiri walianza Mombasa, miaka mia moja na kidogo iliyopita. Wengine wakatafsiri Unguja. Hii yangu mpya imetengenezwa ili watu wa pande zote wasome maneno mamoja."

"Na mchwa wa zamani je?"

"Walikuwako. Nondo, moto na maji pia. Maneno yalipona kwa sababu nakala zilikuwa nyingi, na zilisomwa. Yako ilikuwa moja, na ulikuwa umeifungia."

Zipporah alizitazama zile funguo.

"Hata jina lako limetoka humo," Tryphena akaendelea. "Nusu ya watu wa Mbololo, majina yao yametoka humo. Nehemia wa kale alijenga upya kuta za Yerusalemu, akaweka malango na makomeo ya kuyafungia."

"Makomeo?" Nehemiah aliuliza. Moyo wake ulipoa. Akaomba kalamu.

Alinakili akiwa amekaa kibarazani, ulimi nje. Alipomaliza ukurasa, Zipporah aliusoma kwa sauti, huku Tryphena akifuatisha kwenye Biblia yake.

"Ngoja," alisema Zipporah. "Kijana yuko kwa nguruwe, ana njaa. Mara ndama anachinjwa. Alirudi nyumbani saa ngapi?"

Nehemiah alikuwa ameruka mistari. Neno "baba" lilikuwa juu, na "baba" mwingine chini, na jicho lake likamfuata yule wa chini.

"Waandishi wa zamani walikosea hivyo hivyo," alisema Tryphena. "Ndiyo maana wataalamu hulinganisha nakala nyingi."

Ukurasa wa pili ulikuwa safi mpaka karibu na mwisho, pale kaka mkubwa anapokasirika na kukataa kuingia karamuni. Zipporah alisoma, akasimama, akasoma tena.

"Hapa baba anamwomba kaka mkubwa msamaha na kumpa fahali. Fahali ametoka wapi?"

"Nilidhani wamemsahau," alisema Nehemiah.

"Haya ni maneno ya Luka, au ni ya Baba Mbeyu?"

Nehemiah aliona haya. Akamkata fahali kwa mstari mmoja mnene.

"Wapo wa kale waliofanya hivyo pia," Tryphena alisema kwa upole. "Waliandika maneno yao pembeni, na waliokuja baadaye wakayaingiza ndani."

"Sasa mwisho uko wapi?" Nehemiah aliuliza. "Baba anambembeleza huyu kaka, basi. Aliingia au hakuingia? Kuna karatasi iliyopotea?"

"Hakuna iliyopotea, mzee. Nakala za kale nazo zinaishia hapo hapo."

Nehemiah aliudhika sana. Siku mbili zilizofuata aliwauliza hata mbuzi wake huyo kaka aliingia au la.

Zipporah alizishona kurasa ndani ya Biblia, penye lile tundu. Jumamosi Nehemiah akapigilia rafu ukutani kanisani, juu, mbali na udongo, kama Tryphena alivyoshauri. Biblia ingekaa hapo, na darasa la watu wazima lingeisoma kila jioni. Rafu haikuwa na kufuli. Hilo lilimuuma, lakini alipigilia.

Jumapili Dominic aliketi benchi la nyuma kabisa, kofia magotini. Nehemiah alisoma mwandiko wake mwenyewe, polepole, bila kuruka mstari. Alifika kwa kaka mkubwa aliyesimama nje. Akatazama benchi la nyuma. Alimaliza neno la mwisho, akafunga Biblia.

Kasisi alingoja aondoke mbele. Nehemiah aliondoka, lakini hakwenda mahali pake. Alipita katikati ya watu, funguo zikilia, mpaka benchi la nyuma.

"Sogea," alisema.

Dominic alisogea. Nehemiah aliketi, akatazama mbele.

"Mchana utakula kwetu," alisema, na kanisa lote likasikia. "Ila tutakula kuku. Fahali ulimuuza."

Kasisi ndiye aliyeanza kucheka. Dominic alicheka pia, huku akifuta machozi kwa kofia, na kaka yake akamshika bega.