Pumzi ya Phally

Kila jioni, akishamaliza kuanika samaki, Phally alishuka mtoni na wanawake wenzake kufanya mazoezi ya mashindano ya mitumbwi. Mtumbwi wa kijiji ulikuwa mrefu, wa watu arobaini. Yeye alikaa benchi la tano. Hapo ndipo marehemu mama yake alipokaa kwa miaka ishirini. Phally hakuwahi kupiga kafi bila kumkumbuka, na mgongo wake mpana na kile kicheko chake kilichovuka mto. Siku zile zilikuwa tamu, jamani!

Mama alimwachia pia desturi. Kabla ya kupanda mtumbwi, wanawake walijifunga kitambaa cha miraba tumboni, wakakikaza kwelikweli.

"Nguvu isivuje," mama alizoea kusema.

Lakini mwaka huu, kila walipofika mita mia mbili za mwisho, Phally aliishiwa pumzi. Kafi lake lilichelewa, likagonga la mwenzake.

"Dada Phally," alisema Thavy, nahodha wao. "Mie nakupenda, lakini mtumbwi hauna mapenzi. Ukiishiwa pumzi siku ya mashindano, kiti nampa mwingine."

"Kiti cha mama?"

"Cha kijiji, dada. Mama alikiazima tu."

Neno hilo lilimchoma. Alirudi nyumbani ameinamisha kichwa. Jirani yake Rachana, mtaalamu wa tiba ya viungo katika hospitali ya wilaya, alikuwa akimwagilia mboga.

"Mbona umenuna hivyo?"

Phally akamweleza. "Uzee, mwenzangu. Mapafu yamechoka."

"Uzee gani, na miaka arobaini na moja! Hebu vuta pumzi." Rachana alimshika tumbo, juu ya kitambaa ambacho hakuwa amekifungua. "Ala! Umejikaza hivi, tumbo litatanuka wapi?"

"Ndivyo alivyofanya mama."

"Mama yako alikuwa na mapafu ya nyati! Sikiliza. Chini ya mapafu kuna msuli mpana. Huo ndio unaovuta hewa. Ukiubana, haushuki vizuri. Nao huchoka, kama mkono unavyochoka. Ukichoka huo, mikono na miguu nayo hulegea. Lakini msuli huo unaweza kuzoezwa ukawa na nguvu."

Kesho yake Rachana alimletea kifaa kidogo cha plastiki cha kutia mdomoni. Ndani kilikuwa na kizuizi, hivyo hewa iliingia kwa kuvutwa kwa nguvu.

"Vuta kwa nguvu, tumbo litanuke. Toa taratibu. Mara thelathini asubuhi, thelathini jioni. Ukisikia kizunguzungu, pumzika. Ukizoea, tunaongeza ugumu kidogo."

"Kila mtu anaweza?"

"Mwenye pumu, au aliyepasuliwa karibuni, amwone daktari kwanza. Na mtoni usiache kwenda. Kifaa hakipigi kafi."

Wiki ya kwanza Phally alihema na kukohoa. Binti yake alimcheka: "Mama, filimbi gani hiyo isiyolia?" Akavumilia. Haba na haba hujaza kibaba. Kitambaa alikishusha kiunoni, akakifunga kwa kulegeza. Siku ya kwanza kufanya hivyo alilia kidogo, maana alijiona kama anamkana mama.

Wiki sita zikapita. Siku ya mashindano ikafika, kingo zote za mto zimejaa watu. Zikaja mita mia mbili za mwisho. Phally alisubiri kifua kimbane kama kawaida. Hakikubana! Kafi lake liliingia majini pamoja na ya wenzake hadi mwisho. Walishika nafasi ya pili, mara ya kwanza tangu mama afariki.

Thavy alikuwa amelalia kafi lake, hoi.

"Kiti... chako," alisema kwa shida. "Hicho kidude chako cha pumzi... nami nakitaka."

"Njoo kesho kwa Rachana. Ila kila mtu na chake, tusiambukizane mafua."

"Na mama yako je? Angekubali mambo haya?"

Phally aliutazama mto. Alitamani mama yake awepo, mpaka moyo ukauma.

"Angebisha siku tatu," alisema. "Ya nne angeniuliza, 'Changu kiko wapi?'"