Mstari wa Kijani Usoni pa Marehemu

Saa nne asubuhi, Jumapili tarehe 16 Juni, Mzee Yeremia wa Unyambwa alizungumza na waliokuja kumaliza matanga yake. Alikuwa amezikwa siku kumi na mbili zilizopita.

Alizungumza kutoka kwenye kompyuta iliyowekwa mezani, akiwa na koti lake la kahawia, na kikohozi chake kile kile. "Dina mwanangu, nanyi ndugu zangu. Nyumba na shamba nampa Clement. Severina arudi kwao Mkalama. Pale alipolala mama Dina pasilimwe tena."

Severina, mjane wake, alianguka kutoka kwenye benchi. Kina mama walimpepea kwa khanga huku Clement, mtoto wa mdogo wa marehemu, akieleza kwamba video ilirekodiwa tarehe 20 Mei kwenye studio ya Leonard, Mandewa. Mjane alipewa wiki moja ahame.

Jesca, fundi kompyuta wa Utemini, alikuwa amelelewa na Severina, mama yake mdogo. Mwili ulimsisimka kama wengine. Lakini jicho la fundi halina matanga: kwenye ukingo wa picha, shavuni pa marehemu, palitetemeka mstari mwembamba wa kijani. Aliuangalia mpaka video ikaisha, na usiku hakupata usingizi.

Jumatatu saa tatu alikuwa Mandewa.

"Afadhali umekuja, fundi," Leonard alisema. "Huu mstari wa kijani kwenye video zangu unanifukuzia wateja. Nimerudi kutoka Dodoma tarehe kumi nikaukuta."

"Ulienda lini?"

"Tarehe sita. Tiketi hizi hapa. Kwani vipi?"

Jesca aliisogelea kompyuta ya studio. Ubavuni plasta yake ilikuwa bado imebandikwa, kwa mwandiko wake: *Draiva 531. Usibadilishe.* Kadi inayochora picha ilikuwa ya zamani, na draiva ndiyo inayoiambia ichore vipi. Ukiipa toleo lisilo lake, inachora mauzauza ndani ya kila video inayotengenezwa. Alifungua orodha ya vifaa. Draiva iliyokuwemo ilikuwa 537, na iliwekwa tarehe 7 Juni.

Alitoa simu yake. Ujumbe wa tarehe hiyo, kutoka simu ya studio: *Fundi, kuna programu imekataa draiva ya zamani. Tuweke namba ngapi?* Naye, akiwa msibani anasonga ugali wa watu mia, alijibu kwa mkono mmoja bila kuuliza kadi ni ipi: *537.* Lilikuwa toleo la kadi mpya. Kosa la mwanafunzi, nalo lilikuwa lake.

"Nifungulie harusi ya tarehe moja," alisema.

Harusi ilikuwa safi. Kipaimara cha tarehe tisa kilikuwa na mstari kutoka mwanzo hadi mwisho.

"Leonard, video ya mzee haikutengenezwa Mei. Ilitengenezwa baada ya tarehe saba, yeye akiwa kaburini. Ukisafiri, simu ya studio anabaki nayo nani?"

Leonard aliinamisha kichwa. "Dina. Ndiye msaidizi wangu hapa."

Saa kumi jioni walikutana shambani Unyambwa: mjane, Clement, Dina na Jesca. Alizeti zilikuwa zimekauka, vichwa vimeinama.

"Mimi nililetewa kwenye flashi tu, nikaambiwa ni ya Mei," Clement alijitetea. "Hata kompyuta huwa nawashiwa!"

"Nakuamini," Jesca alisema. "Ungeitengeneza wewe hiyo video, usingekumbuka kaburi. Kaburi lina mwenyewe." Alimgeukia Dina. "Ni wewe, mdogo wangu."

Dina alinyoosha kidole kwenye alizeti. "Mama yangu yuko hapo chini. Kila mwaka analimwa, anapandwa, anavunwa. Nilimwambia baba akanyamaza. Nikasema basi, akifa atasema. Clement aliwahi kuniahidi kwamba shamba likiwa lake, kaburi atalijengea."

Severina alikuwa analia. "Nilijua kuna kaburi, mwanangu. Nililima makusudi. Wivu ulinitia upofu." Alipiga magoti akaanza kung'oa mashina makavu kwa mikono, na hakuna aliyemzuia.

Clement aliitoa flashi mfukoni, akampa Jesca.

"Sauti uliitoa wapi?" Jesca aliuliza taratibu.

"Kwenye harusi na misiba aliyowahi kuhutubia. Nilikata neno hapa, neno pale. Shamba lilikuwemo. Severina lilikuwemo, mara nyingi."

"Na 'Dina mwanangu'?"

Dina alitazama udongo uliokuwa unaanza kuonekana.

"Nilisikiliza kanda zote, dada, za miaka tisa. Hilo halimo. Ilibidi nilitengeneze mwenyewe."