Mkwaju Uliodai Betri

Jua lilikuwa limeshaanza kuzama nilipokwenda kuufuata msumeno wangu mkwajuni. Nilikuwa nimeuacha pale tangu alasiri, umeegemea shina. Huku kijijini kwetu Ole mti mkubwa haukatwi bila kubisha hodi kwa wenyewe wasioonekana. Unaacha chombo chako cha kukatia, unaondoka. Ukirudi ukakikuta kimeanguka, wenyewe hawataki. Ukikikuta kimesimama, umeruhusiwa.

Mimi mambo hayo siyapendi, nasema kweli. Lakini mama yangu, Bi Mwanabaraka, aling'ang'ania, na mke wangu Mwanapili hakutaka kusikia jengine ila mti ulale chini. Mkwaju ule ndio uliomwangushia tawi binti yetu, Asma, akiokota ukwaju. Alikuwa darasa la pili. Siku ya maziko walikuja hata wale tusiosalimiana nao tangu uchaguzi, wakachimba kaburi na wakalia na sisi. Wageni walipotawanyika Mwanapili akaniambia, "Soud, ukiuacha usimame, mimi narudi kwetu Mtambile." Simlaumu. Kila akifungua mlango wa uani anauona.

Sasa huo msumeno. Ni wa betri, hauna waya wala petroli. Watu wanauona kitu cha kuchezea kwa kuwa umenyamaza, na huo ndio ubaya wake. Kidole kikigusa swichi tu, umeamka. Ndio maana sigusi mnyororo kabla sijatoa betri. Kila jioni nilikuwa nakaa barazani, napiga brashi vumbi la mbao, nanoa meno kwa tupa, nakaza mnyororo, natia mafuta. Na betri anaishika Asma. Anaipakata, na hairudishi mpaka avishike vidole vyangu, kimoja kimoja. "Vyote vipo baba. Haya, chukua."

Nilimpenda mtoto yule hata sijui niseme vipi.

Basi hata siku ile, kwa mazoea, niliuegemeza msumeno bila betri. Betri nikaiweka chaji nyumbani. Jioni nikaitia mfukoni, nikaenda.

Msumeno ulikuwa umesimama. Nikashusha pumzi. Nikavaa glavu ya mkono mmoja, nikainama kuutazama mnyororo. Umelegea kidogo. Nikauvuta kwa vidole, nikauachia...

Ukaendelea kwenda.

Polepole. Jino moja... jino jengine... ukinikwaruza glavu. Nikaruka nyuma, nikapapasa mfuko. Betri imo, na inaunguza.

Ndege walikuwa wamenyamaza. Harufu ya mafuta ya mashine ikapotea, ikaja ya mafuta ya nazi, yale Mwanapili aliyokuwa akimpaka mtoto nywele kabla ya kwenda chuoni kusoma Kurani. Ilitoka juu, kwenye matawi.

"Baba... n'pe n'kushikie."

Ayatul Kursi naijua tangu mdogo. Siku ile nilifika maneno ya mwanzo, nikakwama.

"Asma?" nikanong'ona.

"N'pe. Utajikata."

Niambie wewe mzazi, ungemnyima? Mimi sikuweza. Nikaiinua betri juu ya kichwa changu, machozi yananitoka. Kitu cha baridi kikanigusa kidole gumba. Kikahamia cha shahada. Kikaenda hivyo hivyo mpaka cha mwisho, bila haraka.

Kisha betri ikapanda.

Nilisubiri ianguke. Haijaanguka hadi leo.

Mama aliposikia alijishika kifua. "Umebisha hodi na chombo nusu, Soud. Wameidai nusu iliyobaki, na wewe umewapa kwa mkono wako. Yule si Asma."

"Na vidole vyangu kavijuaje?"

 Mama alichukua tasbihi yake akaingia chumbani.

Mwanapili hakurudi kwao. Nilidhani atanigombeza kwa kutoukata mti, kumbe alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza harufu ilikuwa ya mafuta gani, akalia mpaka sauti ikamkauka. Tangu hapo kila jioni anatandika mkeka chini ya mkwaju. Anakaa na chanuo la nywele na chupa ya mafuta. Anamwita mwanawe kwa upole, anamwambia aje asukwe. Mimi nakaa pembeni yake, kwa sababu siwezi kumwacha peke yake pale.

Yeye hasikii kitu. Mimi nasikia.

Jana upepo haukuwepo kabisa, hata jani halikutikisika. Sauti ikashuka karibu, karibu mno, juu ya kitambaa chake cha kichwa.

"Mama... panda. Nafasi ipo."

Tawi lililo juu yake likalia, kidogo tu. Nikamshika mkono Mwanapili, nikamvuta kuelekea nyumbani, mkeka tumeuacha. Njiani akanitazama kwa macho yale yaliyovimba.

"Leo kaniita?"

"La," nikamwambia. "Hajakuita."

Akainamisha kichwa, akalia upya.