Gari Lililoombewa Dua Kabla ya Bei

Asubuhi Tufaha alikuwa na kazi mbili kabla jua halijapanda. Kwanza alipika chai na vitumbua. Kisha alimsaidia mumewe, Ghalibu, kupakia madebe matupu kwenye pikapu yao.

Pikapu ile ilikuwa kuukuu. Mlango mmoja ulifungwa kwa kamba, na honi yake ilikuwa imekufa zamani. Lakini ilikwenda Sikonge kwa warina asali, na ilirudi na madebe yaliyojaa. Tufaha aliuza asali hiyo dukani kwao, Kanyenye. Hawakuwa matajiri. Walikula, walivaa, na binti yao Batuli alisoma.

Waliishi Gongoni, katika nyumba ya Bibi Khole, mama yake Ghalibu. Nyumba hiyo aliachiwa na marehemu mumewe. Macho ya Bibi Khole yalikuwa yamefifia, lakini humo ndani alitembea bila fimbo.

"Hapa sihitaji macho," alisema. "Kila ukuta naujua."

Uhuru ulikuwa bado mbichi, na kila mtu alitaka kuonekana amepiga hatua. Ghalibu naye akapatwa na homa hiyo. Kwenye harusi moja rafiki yake alifika na gari jipya, jeusi, lenye viti vya ngozi. Watu wakaacha kumtazama bwana harusi, wakalizunguka gari. Ghalibu alirudi nyumbani na pikapu yake. 

Mjini palikuwa na wakala wa magari aitwaye Humaidi, mtu wa tabasamu na maneno laini. Babu yake na babu yake Ghalibu walikuja Tabora katika msafara mmoja. Kwa hiyo walihesabiana jamaa. Alhamisi moja Ghalibu alifika mlangoni akiendesha gari jeusi kama lile la harusini.

Tufaha alitoka akiwa na unga mikononi. "La nani hili?"

"Letu."

"Bei gani?"

Ghalibu alikunja uso. "Humaidi ni jamaa. Ameniambia, chukua kwanza, mama apate kulibariki. Bei haitatushinda. Sasa nimuulize bei kama mtu baki? Unataka anionaje?"

"Akuone mtu anayejua anachonunua."

"Acha maneno ya sokoni, Tufaha!"

Maskini Ghalibu. Sokoni ndiko alikokuwa, ila hakujua.

Katika ukoo wao kitu kipya hakitumiki bila dua. Ijumaa, baada ya sala, majirani walijaa barazani. Dua ikasomwa. Wali ukaliwa, na mbuzi mzima akaliwa. Bibi Khole alishikwa mkono, akapapasa boneti, akasema, "Mungu alitie heri." Watu walimpongeza Ghalibu mpaka akachoka kupokea mikono.

Ikiisha dua, kitu ni chako mbele ya mji mzima. Kukirudisha ni aibu kubwa. Humaidi aliijua desturi hiyo kuliko mtu yeyote pale. Siku hiyo alikula sahani mbili.

Jumatatu alikuja na makaratasi.

"Shikamoo, mama," alimwamkia Bibi Khole.

"Marahaba, mwanangu. Watoto hawajambo?"

"Hawajambo, mama." Akamgeukia Ghalibu. "Ndugu yangu, wewe kwa mwezi unaweza kutoa kiasi gani bila kuumia?"

Ghalibu aliona fahari kuulizwa hivyo. Akataja kiasi kikubwa. Humaidi akaandika.

"Vizuri. Utalipa hicho hicho kila mwezi mpaka deni liishe. Pikapu nitaichukua iwe malipo ya kwanza. Ni mzigo tu kwako sasa."

"Pikapu umeihesabu kwa bei gani?" aliuliza Tufaha kutoka mlangoni.

"Shemeji, pikapu ile ina mlango wa kamba!" Humaidi alicheka. Ghalibu naye akacheka. Tufaha hakupata jibu.

"Na gari lenyewe bei gani?" aliuliza tena.

Humaidi akataja shilingi elfu ishirini na sita.   Ghalibu alitaka kusema ni nyingi. Lakini aliwakumbuka watu wote waliokula wali wake, akanyamaza.

"Na riba?" aliuliza hatimaye.

"Riba? Sisi Waislamu!" Humaidi alishika kifua. "Hakuna riba hapa. Ni bei ya taratibu tu. Kilichobaki ni dhamana kidogo. Hati ya nyumba, na dole gumba la mama."

Ghalibu aliingia ndani, akatoka na hati. Bibi Khole aliuliza karatasi inasema nini.

"Ni ya gari, mama," alisema Ghalibu.

Mama alimwamini mwanawe. Akatoa kidole, Humaidi akakipaka wino.

Tufaha aliona yote hayo.  Hata hivyo alinyamaza, kwa sababu mumewe alikuwa amekwisha kumcheka mbele ya mgeni. Kunyamaza huko kulimuuma kwa muda mrefu.

Haikuchukua muda, shida ikaanza kuingia nyumbani. Gari la fahari halikuweza kubeba madebe. Mara moja Ghalibu alijaribu kuyaweka kwenye viti vya nyuma. Debe moja likavuja, asali ikaingia kwenye ngozi, na sisimizi wakalivamia gari mpaka chini ya usukani. Barabara ya Sikonge nayo ilikuwa ya mchanga na mashimo. Gari likakwama. Warina asali walisubiri, wakachoka, wakamuuzia mtu mwingine. Mtu huyo alikuja na pikapu yenye mlango mpya. Warina wakaijua. Ilikuwa ile ile ya Ghalibu. Humaidi alikuwa ameshaiuza.

Duka likabaki na madebe matupu. Miezi michache ya kwanza walilipa. Tufaha aliuza bangili zake za dhahabu, walizompa wazazi wake siku ya harusi. Alizivua jikoni, ili mkwewe asisikie mlio wake. Bangili zikaenda, na mwezi uliofuata ukadai tena. Maji yalikuwa yamewafika shingoni.

Kisha Humaidi alikuja bila tabasamu. Alimkuta Bibi Khole peke yake barazani.

"Mama, mwanao ameshindwa. Mwisho wa mwezi ujao mtanipa nyumba."

"Nyumba ipi?" aliuliza Bibi Khole.

"Hii. Uliiweka rehani kwa dole lako."

Tufaha aliporudi kutoka dukani alimkuta mkwewe ameketi chini, mgongo ukutani, kiganja chake kimelala juu ya lipu ya ukuta. Hakuwa akilia. Ghalibu alipofika, mama yake alimuuliza jambo moja tu.

"Uliniambia karatasi ya gari. Ulinidanganya, au nawe hukujua?"

 Kwa Ghalibu majibu yote mawili yalikuwa mabaya.

Siku ya pili Tufaha alijifunga kanga, akapiga moyo konde, akaenda kwa jirani yao Marko. Marko alikuwa Mnyamwezi wa Ntalikwa, Mkristo wa Moravian. Kazi yake ilikuwa kununua malori ya chama cha ushirika cha wakulima. Mkewe, Apolinaria, alikuwa shoga yake Tufaha.

"Karibu, Mama Batuli," alisema Marko. "Mbona uso umekushuka?"

Tufaha alieleza yote, hata ya bangili. Marko alisikiliza mpaka mwisho. Kisha alimtuma amwite mumewe. Ghalibu alikuja akiwa ameinamisha kichwa.

"Ndugu Ghalibu," alisema Marko, "ulipouliza bei, gari lilikuwa wapi?"

"Lilikuwa kwangu. Limeshasomewa dua."

"Basi ulikuwa umechelewa. Bei inaulizwa gari likiwa bado dukani kwake, wakati bado unaweza kuondoka. Ungeuliza na kwa wakala mwingine. Uliuliza?"

"Huyu ni jamaa yangu."

"Mimi nimenunua kwa jamaa zangu mara nyingi. Nawauliza bei kwanza, na bado tunazikana. Jamaa mwema hachukii kuulizwa." Marko alinyoosha kidole kuelekea stesheni. "Twendeni kwa wakala yule wa kule. Hatuendi kununua. Tunakwenda kuuliza tu."

Wakala wa stesheni alikuwa na gari la aina ile ile, jipya. Tufaha ndiye aliyeuliza. Mtu yule hakuleta kahawa wala kuuliza habari za ukoo.

"Elfu kumi na tisa," alisema. "Ukilipa taslimu, napunguza kidogo."

Ghalibu aliketi kwenye ngazi za duka lile.  "Elfu saba zaidi," alisema. "Nimekubali kumlipa elfu saba zaidi kwa sababu niliona aibu."

"Na kwa pikapu hukulipwa thamani yake," Marko aliongeza bila kumbembeleza. "Alichanganya mambo. Alikuuliza unaweza kutoa nini kwa mwezi, ukasahau kuuliza jumla. Akaitia pikapu humo humo, hukujua imepewa bei gani. Siku nyingine uza la zamani peke yake, kisha nunua jipya. Na ile bei ya taratibu ni nyongeza ya kulipa polepole. Aiite jina lolote, inatoka mfukoni mwako."

"Sasa tufanyeje?" aliuliza Tufaha. "Nyumba itakwenda?"

Marko alifikiri. "Yule mama alisomewa karatasi?"

"Hakusomewa," alisema Tufaha. Ghalibu alitazama chini.

"Hapo ndipo pa kushika. Hakimu atataka kujua nani alimsomea. Nendeni mkalirudishe gari, mdai hati. Msidai pikapu, msidai mlicholipa. Mkidai yote mtatoka mikono mitupu. Semeni mnachotaka, kisha nyamazeni mpaka yeye ajibu. Na muwe tayari kuinuka muondoke."

"Kulirudisha!" Ghalibu alishtuka. "Mji mzima ulikula wali wangu!"

Hapo Tufaha hakuvumilia. "Walikula, wakanawa, wakaenda kwao! Mama atalala wapi, Ghalibu? Kwenye viti vya ngozi?"

Ghalibu alifunika uso kwa mikono. Mwishowe alisema, "Tutalirudisha."

Kesho yake walimkuta Humaidi ofisini. Aliagiza kahawa na halua.

"Ahsante," alisema Tufaha. "Tutakunywa tukimaliza."

Humaidi alishangaa. Hakuzoea mtu kuikataa kahawa yake. Ghalibu aliweka funguo mezani. 

"Chukua gari lako. Pikapu umeuza, na fedha nilizolipa baki nazo. Nataka hati ya mama."

"Gari limesomewa dua, ndugu yangu, unalirudisha? Watu watasema nini?"

"Watasema nilinunua bila kuuliza bei. Ni kweli."

Humaidi alicheka. Kisha alimlaumu. Kisha alitaja undugu wa babu zao. Wale wawili walinyamaza. Akasema atatoa hati wakiongeza elfu mbili. Wakanyamaza.

"Mkataba una dole la mama yako!" alifoka.

"Ndiyo," alisema Tufaha. "Mama haoni, na hakuna aliyemsomea. Mimi nilikuwa mlangoni. Nitamwambia hakimu hivyo hivyo, na mume wangu atasema hivyo hivyo, ingawa ni aibu yake."

Akainuka. Ghalibu naye akainuka. Walifika mlangoni. Tufaha hakujua kama ataitwa. Alitoa mguu wa kwanza nje.

"Rudini," alisema Humaidi.

Aliwarudishia hati, akaandika kwamba gari limerudi na deni limekwisha. Tufaha hakumwachia Ghalibu asaini papo hapo. Alimwita Marko, aliyekuwa akisubiri ng'ambo ya barabara, akaisoma karatasi yote kwa sauti. Ndipo wakasaini. Kahawa ilikuwa imepoa, hawakuinywa.

Walirudi Gongoni kwa miguu. Watu barazani waliwatazama. Mmoja aliuliza, "Gari liko wapi?" Ghalibu alijibu, "Nimelirudisha. Lilinishinda bei." Aliulizwa hivyo mara nyingi njiani, na kila mara alijibu hivyo hivyo.

Nyumbani alipiga magoti mbele ya mama yake. "Mama, hati hii hapa. Nisamehe."

Bibi Khole aliipapasa karatasi, pembe kwa pembe. "Nimekusamehe," alisema. Kisha akanyoosha mkono upande mwingine. "Tufaha, njoo uichukue wewe. Kuanzia leo itakaa kwako."

Ghalibu alilia kama mtoto. Mama yake hakubadili neno.

Mwaka mzima Ghalibu alikwenda Sikonge kwa baiskeli, au alilipia nafasi kwenye lori la mtu. Alikonda. Asali ilikuja kidogo kidogo, na warina wakaanza kumwamini tena. Bangili za Tufaha hazikurudi. Pikapu yao ya zamani walikuwa wakiiona mjini, ikiendeshwa na mwingine.

Walipopata akiba, walitafuta pikapu iliyotumika. Walikwenda kwa wauzaji watatu, na Marko akakagua injini. Muuzaji mmoja alisema, "Iendesheni kwanza mpaka nyumbani, bei tutaongea." Ghalibu alitikisa kichwa. "Tuongee hapa hapa." Tufaha alishikilia bei yake. Aliinuka kuondoka, akaitwa, na bei ikashuka. Walilipa yote, wakapewa stakabadhi, wakaisoma.

Ghalibu aliileta pikapu mlangoni. Alimshika mama yake mkono mpaka kwenye mlango wa mbele.

"Panda, mama. Nikutembeze hadi Kanyenye. Hii haidaiwi hata senti. Sasa unaniamini?"

Bibi Khole aligusa mlango. 

"Nitapanda, mwanangu, na nitafurahi. Lakini hati itabaki kwa Tufaha."

"Sawa, mama," alisema Ghalibu, akamfungulia mlango.