Kidonge cha Pili

Sikuona kilichokuwa kikimpata baba yangu, ingawa tuliishi nyumba moja na nilimwamkia kila asubuhi. Kwetu Mwankoko, mtoto anayemwamkia mzazi hupiga goti kidogo na kuinamisha macho. Nilisema, "Shikamoo baba," nikasikia, "Marahaba," nikachukua begi langu na kwenda shule. Katika adabu hiyo yote sikuona kwamba macho yake yalikuwa mazito, wala kwamba ulimi wake ulijikokota. Heshima ilinifundisha kutazama miguu yake tu.

Ulikuwa mwezi wa Mei, mtama umeanza kukomaa. Wakati huo hakuna mtu anayelinda shamba lake peke yake. Mashamba yetu yamepakana, na kwelea, ndege wadogo wanaokuja kwa makundi mazito kama moshi, hutafuta mahali pasipo na kelele. Wakifukuzwa kwa Mzee Ezekieli, jirani yetu, wanatua kwetu. Kwa hiyo kila familia humpandisha mtu kwenye dungu, jukwaa la miti lililosimama katikati ya shamba, akiwa na kombeo na debe la kugonga, na wote hupiga kelele kwa pamoja mpaka ndege wakate tamaa. Anayelala hajidhuru mwenyewe tu. Shamba lake hugeuka kuwa mlango wa ndege kwa mtaa mzima.

Zamu ya alfajiri ilikuwa ya baba, na ya mchana ilikuwa ya mama. Mimi nilipanda dungu jioni, baada ya masomo. Mwaka ule baba alikuwa pia amepata kibarua cha zamu ya jioni kwenye mashine ya kukamua alizeti, na alirudi nyumbani usiku, nguo zikinuka mafuta na mashudu.

Jioni moja, siku ya mapumziko ya baba, nilipofika shambani nilikuta masuke ya upande mmoja yamebaki makapi matupu. Mzee Ezekieli alikuwa amesimama mpakani pamoja na baba, ameikunja mikono kifuani. Upande wake pia ulikuwa umeliwa, na alitaka kujua nani alilala. Baba alitazama kando. Kisha akasema kwamba jana yake mtoto aliondoka mapema.

Nilidhani nimesikia vibaya. Nilikuwa nimekaa juu ya dungu lile mpaka giza likaniteremsha. Nilifungua mdomo, lakini mtoto hamkanushi baba yake mbele ya jirani, nikaufunga.

"Watoto wa siku hizi," alisema Mzee Ezekieli. "Mkono wa kombeo umekuwa mkono wa simu."

Sikuwa na simu. Sijawahi kuwa nayo.

Kesho yake habari ilinitangulia shuleni. Peniel, mjukuu wa mzee huyo, alinisubiri mlangoni mwa darasa la sita.

"Eliana, kwelea wamenituma," alisema. "Wanashukuru kwa chakula, na leo wanaomba maji ya kunawa."

Darasa zima lilicheka. Tangu hapo alikoroma kila nilipopita, na wengine wakamfuata. Hata hivyo sikumchukia Peniel, kwa maana yeye aliamini alichoambiwa. Nilimkasirikia baba, aliyeujua ukweli akanisingizia.

Jumamosi mama alinituma nimpelekee baba uji shambani, jua likiwa ndiyo kwanza linachomoza. Nilipokaribia nilisikia madebe yakigongwa katika mashamba ya jirani. Kwetu hapakuwa na sauti yoyote isipokuwa mvumo wa mabawa. Ndege walikuwa wameyafunika masuke hata mtama hauonekani. Juu ya dungu baba alikuwa amelala, kinywa wazi, kombeo likining'inia mkononi.

Nilitua uji, nikapanda, nikalichukua kombeo na kuanza kurusha mawe huku nikipiga kelele kwa sauti ambayo sikujua kuwa ninayo. Ndege waliinuka. Baba hakuamka. Hapo hofu iliingia ndani ya hasira yangu, nikamtikisa bega mpaka akafumbua macho. Alinitazama kana kwamba hanijui. Alipojaribu kushuka, mguu wake ulikosa kipandio. Angeanguka, kama Mzee Ezekieli, aliyekuja mbio aliposikia kelele zangu, asingemdaka kiunoni.

"Simeoni, umelewa?" aliuliza mzee, akimnusa.

"Sijanywa pombe, mzee."

"Basi umekunywa nini?"

Baba aliegemea nguzo ya dungu. Nikasema mimi. "Baba, shuleni wananikoromea. Ulisema nilizembea mimi. Mimi nilikuwa macho."

Hakuna aliyenikemea. Mzee Ezekieli alimtazama baba, akanitazama mimi, kisha akarudi shambani kwake bila kuaga.

Asubuhi iliyofuata nilipita mbele ya baba bila kumwamkia. Jambo hilo halikuwa limewahi kutokea nyumbani kwetu. Nilitarajia mama anikaripie. Badala yake aliweka sufuria chini na kumgeukia baba.

"Baba Eliana, mtoto amekunyima shikamoo. Mweleze ulichomfanyia, au nitamweleza mimi."

Akaweka mezani kipande cha gazeti kilichokunjwa, alichokitoa kwenye koti la baba. Ndani mlikuwa na vidonge vidogo vya manjano.

Baba alieleza polepole. Tangu aanze kazi, ngurumo ya mashine ilimfuata hadi kitandani. Mwenzake alimwambia kwamba vidonge vya mafua huleta usingizi, akavinunua dukani. Alimeza kimoja kila alipokwenda kulala. Usingizi ulipochelewa alimeza cha pili karibu na kuwika kwa jogoo, akihofia kwamba asipolala kabisa hataweza kulinda.

"Niliona aibu," alisema. "Nikakutwika wewe aibu yangu."

Nilitaka hasira iniishe. Haikuniisha.

Jumatatu mama alituongoza sote hadi zahanati. Tabibu Yunisi alisikiliza mpaka mwisho, lakini uso wake ulizidi kukaza.

"Nani alikupima kabla ya kukupa dawa hii?" aliuliza. Baba alikiri kwamba hakuna. "Hii ni dawa ya mafua, baba. Usingizi inaouleta ni madhara yake. Ukiimeza karibu na alfajiri, jua linakukuta bado imo mwilini. Umesimama, lakini akili imelala. Siku ile ungevunjika shingo mbele ya mtoto."

Alitueleza kwamba dawa ya usingizi hutolewa na mtaalamu aliyempima mgonjwa, tena kwa muda mfupi. Humezwa mtu anapokuwa na usiku mzima mbele yake, wala haiongezwi usingizi unapochelewa, wala haichanganywi na pombe. Kisha akauliza baba hunywa nini akitoka kazini. Mama alicheka bila furaha. Chai ya rangi, alisema, nyeusi kama lami, birika zima. Tabibu alimtaka aiache nyakati za jioni, ajikinge masikio kazini, aombe zamu ya mchana, na arudi zahanati ikiwa bado hatalala, ili chanzo kitafutwe.

Tulipotoka, baba hakushika njia ya nyumbani. Alikwenda moja kwa moja kwa Mzee Ezekieli, akasimama uani mbele yake na Peniel.

"Mlango wa ndege ulikuwa mimi," alisema. "Mtoto huyu nilimsingizia."

Mzee alimjibu akiwa bado na hasira. "Mtama nitausamehe. Hilo la pili mwombe mwenyewe."

Baba alinigeukia na kuniomba msamaha kwa jina langu, nami nikaitika. Peniel alichora chini kwa kidole cha mguu, akasema pole kwa sauti ndogo.

Ndipo mzee akamwambia baba akae. "Simeoni, asiyepata usingizi si mvivu. Ana shida, na shida husemwa. Ungesema, tungegawana alfajiri zako. Kidonge cha kubahatisha na uongo ni ndugu: vyote hukutuliza usiku, vikakudai asubuhi. Na safari hii deni lilimwangukia mtoto."

Tangu wiki ile baba na Mzee Ezekieli walilinda alfajiri kwa kupokezana, na kazini baba akapewa zamu ya mchana. Mavuno yetu yalipungua, na tulinunua unga mapema kuliko miaka mingine. Baba sasa analala bila kidonge, nami namwamkia tena. Usiku anaokosa usingizi, alfajiri yake hutuambia, na mtu mwingine hupanda dungu.