Sahani ya Tatu

Jambo hili sijawahi kumsimulia mtu, hata mume wangu.

Ilikuwa Desemba 1976. Saa tisa alasiri, na Stockholm ilishaingia giza. Nilitoka Alby, nilikokuwa naishi, kwa treni ya chini ya ardhi kwenda mjini kuchukua kifurushi cha senene, wale panzi wa kukaanga wa kwetu. Mama alikuwa amempa mgeni mmoja aliyetoka Bukoba, naye akakiacha kwa Evodius, mtoto wa baba yangu mkubwa, fundi wa ndege kwenye uwanja wa Arlanda.

Nilimkuta amesimama nje ya mgahawa wa Kijapani, theluji imemjaa mabegani. Alikuwa amekonda mpaka koti likaonekana la kuazima.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba, Wini. Ingia, tule kwanza."

Ulikuwa mgahawa wa watu wazito. Kaunta moja ya mbao nyeupe, viti vinane, na nyuma yake mzee wa Kijapani mwenye kisu chembamba. Wateja tulikuwa sisi tu. Mzee alikuwa akifinyanga wali kwa vidole, anaufunika kwa kipande cha samaki mbichi, kisha anakuwekea kitonge mbele yako, kimoja kimoja.

Tulikaa. Evodius akaacha kiti kimoja katikati yetu.

Mzee akaleta chai. Kikombe kwangu. Kikombe kwa Evodius.

Na kikombe katikati.

"Tuko wawili," nilimwambia kwa Kiswidi.

Mzee alikitazama kile kiti kitupu, akainamisha kichwa kama anayesalimia. Akaweka na sahani, kitonge kimoja juu yake.

Ndipo nilipoisikia harufu. Haikuwa ya samaki. Samaki wa mzee yule hawakunuka kabisa. Ilikuwa ya nguo ya magome ya mti, ile tunayowaviringishia maiti kwetu, imelowa udongo.

Nilitazama kikombe cha katikati. Chai ilikuwa inapungua. Taratibu... taratibu... kama inanywewa na mtu anayeogopa kuungua ulimi.

"Kaka," nilinong'ona. "Nani amekaa hapa?"

"Method."

Method, mdogo wake. Tulimzika miaka sita nyuma, zikiwa zimebaki siku tatu apande ndege kuja kusoma Sweden. Nafasi yake akapewa Evodius.

Nilimgeukia Evodius.

"Ulimfanyia nini?"

"Nilitaka augue tu, Wini. Augue, ndege imwache. Mganga aliniapia ni homa ya wiki moja." Alikitazama kile kikombe. "Tangu nifike huku, kila nikikaa mezani, yupo. Nikimpa chakula, hashibi. Nisipompa, ananila mimi."

Akapandisha mkono wa shati. Sikuona nyama. Ngozi ilikuwa imelala juu ya mfupa.

"Kula hicho kitonge cha kwake. Kimoja tu. Mtu wa damu yetu akila kwenye sahani yake, ataniacha."

"Aende wapi?"

Alinisogezea ile sahani. Alikuwa analia.

Huyu ndiye aliyenipokea uwanja wa ndege siku ya kwanza, akavua koti lake akanivalisha, akatembea na shati kwenye baridi ile. Labda ilikuwa huruma. Labda mkono haukuwa wangu tena. Nilichojua ni kwamba nimeshakishika kile kitonge, kimefika karibu na mdomo, na kilikuwa cha moto. Moto, kama kitu kilichotoka tu mdomoni mwa mtu mwingine.

Vidole vya mzee vilinikamata kifundo cha mkono.

"Si chako," alisema kwa Kiswidi cha kuokoteza. "Huyu ana njaa sana. Wewe... nyumbani."

Kitonge kikaanguka.

Kriii...

Kiti cha katikati kiligeuka. Kilinigeukia mimi.

Nilikimbia. Senene wenyewe sikuwakumbuka.

Wiki mbili baadaye simu ililia. Alikuwa Evodius, sauti imejaa, sauti ya mtu aliyelala na kushiba.

"Wini, ameniacha! Nimekuwa mtu tena."

"Nani amekula?"



Nyuma yake nilimsikia Paskalia, binti aliyemzaa na mke wake wa Kiswidi. Mtoto yule alizaliwa hukohuko Märsta, karibu na Arlanda. Ukimsemesha Kiswahili anakujibu Kiswidi, na Kihaya, lugha ya kwetu, hakujua hata salamu.

Alikuwa anaongea Kihaya.

Alikuwa anambembeleza mtu. Anamwambia ale polepole, chakula bado kipo.

"Sikumlazimisha," Evodius alisema. "Alinyoosha mkono mwenyewe."

Nilikata simu, nikakaa sakafuni mpaka miguu ikafa ganzi. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, nina nguvu zangu, ninajua kusali.

Paskalia alikuwa na minne.