Mwalimu wa Kapuni

Walikutana kwenye duka la kutoa kopi, foleni imefika barabarani, jasho na harufu ya wino vikichanganyika. Mwalimu alivaa gauni la kijani lililonyooka kwa pasi, visigino vya viatu vimelika. Karani, shati jeupe na tai nyekundu, akampisha mbele.

"Kopi ngapi, dada?"

"Kumi na mbili. Nimevuka mipaka miwili kutafuta kazi ya kufundisha Kiingereza."

"Kwa sauti hiyo? Utapata tu."

"Sauti hailipi kodi ya chumba, kaka."

Wakacheka. Miezi miwili simu hazikupoa.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimeshiba majibu ya kukataliwa."

"Njoo basi nikupakulie."

Kazi yake Karani alisema ni kupanga makaratasi, basi.

Siku moja Mwalimu alipanda ghorofa ya tatu kwa wakala wa walimu, kuulizia maombi aliyotuma. Mlango ulikuwa wazi. Karani alikuwa akifungua kila bahasha na kutazama ukurasa wa pasipoti tu. Waliozaliwa zile nchi sita ambazo Kiingereza ni lugha ya mama walienda mezani. Wengine wote kapuni, juu ya maganda ya ndizi. Picha ya Mwalimu ilikuwa humo, imelowa.

"Uliniona, ukanitupa?"

"Mama, ni amri ya bosi. Niliogopa kufukuzwa."

"Miaka tisa ya ualimu! Usiku unaniita roho yako, mchana unanichanganya na maganda?"

"Nisikilize..."

"Usiniguse. Unanitia kichefuchefu."

Wiki nzima hakupokea simu. Na wiki hiyohiyo bosi alimpeleka darasani fundi bomba, kwa kuwa tu amezaliwa panapotakiwa. Karani alipoona hayo, naye yakamfika kooni. Akakusanya bahasha za kapuni, akazing'oa kurasa za pasipoti, akampa bosi asome. Bosi akachagua ya Mwalimu.

Mwalimu akaitwa, akafundisha somo la majaribio, wanafunzi wakasahau mapumziko.

"Safi sana," bosi akasema. "Ila wazazi tutawaambia umezaliwa moja ya zile nchi sita."

"Nimkane mama yangu ili unipe chaki?" Mwalimu akachukua mkoba. "Mfyuu!"

Karani akamfuata ngazini, tai kaitupa.

"Nimeacha kazi."

"Usitegemee nikupigie makofi. Kesho nazungukia shule, moja moja. Ukitaka, njoo uonje kukataliwa."

Alikuja. Shule ya kwanza mlinzi aliwafukuza kama mbwa. Ya pili na ya tatu waliuliza pasipoti kabla ya salamu. Ya nne katibu aliipokea bahasha kwa ncha za vidole, akaitumia kufunikia kikombe cha chai. Karani akatoka nje, akatema mate kwenye majani.

"Nilikuwa nafanya hivi kila siku," akasema. "Najionea kinyaa."

Mwalimu akampa bahasha zilizobaki azibebe.

"Basi nioe," akasema. "Mwanamume asiyejionea kinyaa kwa yanayotendeka mji huu siwezi kulala naye chumba kimoja."

"Kweli, mama? Leo?"

"Si leo, wewe! Shule ya tano inafunga saa tisa. Kaza mwendo."